Sura ya Nne: Ugenini bila pasipoti

Kutoka Samuye, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, mpaka lango la mgodi wa dhahabu wa Geita hakuna forodha wala ofisa uhamiaji. Ukishuka stendi bado unasikia Kisukuma. Hata hivyo, mwanafunzi anayeingia pale kwa mafunzo kwa vitendo, yale ambayo vyuoni huitwa fildi, amekwenda ng'ambo kabisa. Mgodi ulipoanza uzalishaji mwaka 2000 ulikuwa mikononi mwa Ashanti Goldfields ya Ghana. Mwaka 2004 kampuni hiyo iliungana na AngloGold ya Afrika Kusini. Kwenye kampuni za namna hii msimamizi wako anaweza kuwa Mghana, Mwaustralia au Mtanzania aliyezoea ofisi za hao. Taratibu wanazozifuata kazini si za kwao wala za kwako.

Jambo hili lilipata jina kupitia Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada ambaye mapema katika kazi yake alifanya utafiti Ankole, Uganda. Katika mhadhara alioutoa Rio de Janeiro mwaka 1954 alizungumzia mshtuko wa utamaduni: fadhaa inayompata mtu anapopoteza alama ndogo ndogo zinazomwongoza kila siku, kama vile lini umpe mwenzako mkono, lini ukubali mwaliko, na lini neno la mtu ni la dhati. Kwanza ni fungate, alisema, halafu chuki, halafu mtu anaanza kujicheka, mwishowe anazoea. Fungate ya mwanafunzi wa fildi ni fupi mno. Haivuki siku rifleksa yake inapochafuka.

Alama ya kwanza kupotea ni salamu. Samuye, kijana akikutana na mzee asubuhi anasema "Mwangaluka baba", anainama kidogo, kisha anatulia. Mzee ataitikia, atauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Hakuna anayehesabu kwamba muda umepotea. Mgodini msimamizi anapita akisema "moning" bila kusimama, na kijana anashinda akijiuliza kakosea nini. Barua pepe nazo ni hivyo hivyo. Aliyelelewa na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" anaandika aya tatu za heshima kuomba matokeo ya sampuli, naye anajibiwa: "Yako kwenye folda." Hakuna salamu wala jina. Anadhani amechukiwa, kumbe aliyejibu alikuwa na barua nyingine arobaini za kujibu.

Haya yanaudhi tu. Kinachoweza kuua ni ukimya.

Kabla ya fundi kuingia kutengeneza mkanda unaosafirisha mawe, umeme unakatwa na swichi inafungwa kwa kufuli. Kila anayeingia anaongeza kufuli lake, lenye lebo ya jina lake. Wakiwa watano, makufuli ni matano, na ufunguo wa kila moja uko mfukoni mwa mwenyewe. Mashine haiwashwi mpaka kila mmoja atoke na kufungua lake. Sasa fundi mkuu, mtu wa umri wa baba yake, anamwambia mwanafunzi: "Lete ufunguo wako nikutolee, we nenda kale." Nyumbani, kuutoa ni adabu, na kubisha ni utovu wa malezi. Hapa, kuutoa ni kosa ambalo linaweza kuwafukuzisha wote wawili, maana kesho yake kufuli linaweza kutolewa mwenye jina akiwa bado ndani. Jibu la kijana ni fupi: "Samahani mzee, nitakwenda kulitoa mwenyewe." Maneno matano tu, ila ndiyo magumu kuliko mtihani wowote aliofanya chuoni. Na sheria iko upande wake: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inambebesha wajibu mfanyakazi pia, si mwajiri peke yake.

Mholanzi Geert Hofstede alijaribu kuupima umbali huu kati ya mkubwa na mdogo. Alichambua majibu ya wafanyakazi wa IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, akaipa Afrika Mashariki alama 64 na Uingereza 35. Alama ikiwa kubwa, walio chini wameuzoea zaidi umbali huo. Siziamini sana tarakimu hizi. "Afrika Mashariki" yake ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia kwa pamoja, na mtu wa IBM wa miaka ile si mkulima wa pamba wa Samuye. Lakini zinatusaidia kuelewa kikao cha usalama cha asubuhi, pale msimamizi anapouliza kama kuna swali na wote wakatazama buti zao. Kwa kijana, kumuuliza mkubwa mbele ya watu ni kumwambia hakueleza vizuri. Kwa msimamizi, asiyeuliza ama hajaelewa, ama hajali.

Migodi ya zamani haikutaka swali. Vijana wa Tanganyika waliosajiliwa na WENELA, shirika la kuandikisha vibarua wa migodi, kwenda Afrika Kusini walifundishwa Fanakalo, lugha ya mgodini iliyojaa amri: beba, sukuma, haraka. Baba wa watu alirudi na mshahara na tabia ya kunyamaza, na tabia hiyo bado tunairithisha kama busara ya kazini.

Njia ninayoipendekeza haimlazimishi kijana kuwa mjuvi. Arudie maagizo kwa kinywa chake: "Bosi, nimeelewa hivi: nianze na pampu ya pili, nisiguse ya kwanza mpaka fundi umeme afike. Ni sawa?" Hajampinga mtu, na kama kuna kosa litaonekana hapo hapo. Akishindwa mbele ya watu, amfuate msimamizi pembeni kabla kazi haijaanza, si baada yake.

Na amtafute mkongwe mmoja wa hapo, opereta au fundi, hasa aliyepitia mgodi wa Bulyanhulu, au wa Buzwagi kabla haujafungwa mwaka 2021. Kitengo cha rasilimali watu kitampa kijitabu cha kanuni. Mkongwe atamwambia ni meneja gani akikaa kimya ameridhika na yupi akikaa kimya amekasirika, na nani anaitwa kwa jina la kwanza mbele ya wageni. Huyo asimsalimie kwa "moning".