Siri ya Muscle Shoals haiko mtoni

Filamu ya makala "Muscle Shoals" (2013), ya mwongozaji Greg Camalier, inausifu mno mto Tennessee. Bono, mwimbaji wa U2, anauzungumzia kama vile ndio ulioimba. Mimi ninayeshinda studio, mto siuamini sana. Anayetaka kujua Muscle Shoals, mji mdogo wa Alabama, uliwezaje kutoa muziki wa soul wa aina ile, aangalie kazi ilivyofanyika FAME, studio ya Rick Hall.

New York miaka ya 1960 wapiga vyombo walikodiwa na kuwekewa noti mbele yao. Hall yeye alikuwa na kikosi chake: Roger Hawkins kwenye dramu, David Hood kwenye besi, Jimmy Johnson kwenye gitaa, na Spooner Oldham, baadaye Barry Beckett, kwenye kinanda. Walirekodi wote kwa pamoja, chumba kimoja. Dramu ilisikika hata kwenye maikrofoni ya gitaa, jambo ambalo fundi wa leo angehangaika kulizuia, kumbe ndilo linaloufanya muziki usikike kama wa watu walio pamoja. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Na Hall hakuchoka kurudia.

Januari 1967 akaja mwimbaji Aretha Franklin. Wimbo "I Never Loved a Man" uligoma kabisa mpaka Oldham, akichezea Wurlitzer, kile kinanda cha umeme, alipopata kipande kifupi cha kuanzia. Wenzake wakamdaka, na haukupita muda wimbo ukawa tayari. Kisha pombe na ugomvi vikaharibu mambo, Aretha akaondoka, wimbo wa pili ukabaki nusu. Jerry Wexler wa kampuni ya rekodi ya Atlantic akawaita Hawkins, Johnson na Oldham New York, na huko "Respect" ya Aretha ikarekodiwa. Mto ulibaki Alabama.

Filamu ina nguvu zaidi inapogusa ubaguzi wa rangi. Vijana wa Hall, weupe, waliwapigia waimbaji weusi Wilson Pickett na Etta James katika jimbo ambalo gavana wake, George Wallace, mwaka 1963 alikula kiapo na kuahidi ubaguzi wa milele.

Mwaka 1969 Hawkins, Hood, Johnson na Beckett walimwacha Hall wakafungua studio yao Sheffield, mji jirani. Desemba ya mwaka huohuo Rolling Stones wakarekodi "Brown Sugar" hapo.

Itazameni filamu hii. Ila picha za mto zikianza, yapeni macho mapumziko mumsikilize Hawkins.