Maumivu ya Goti na Urithi wa Wazazi
Wakulima wateremkao mlima Wanale kwenda soko la Mbale, mikungu ya ndizi kichwani, huyajua maumivu ya magoti. Wengi hulaumu mzigo na uzee pekee. Lakini mwaka 1996 wataalamu wa Uingereza, baada ya kuwachunguza mapacha wa kike, walieleza kwamba urithi huchangia asilimia 39 hadi 65 ya tofauti baina ya watu katika ugonjwa wa kulika kwa gegedu la viungo vya mikono na magoti. Hata hivyo, urithi si hukumu. Ndugu msomaji, ikiwa mama yako alichechemea kwa ugonjwa huo, jihadhari mapema: punguza unene, gawa mzigo mara mbili, imarisha misuli ya mapaja. Goti likivimba, usingoje, nenda hospitali.