Baada ya Kukabidhi Ofisi: Afya ya Kiongozi Mstaafu

Miezi minane baada ya kustaafu, aliyekuwa mganga mkuu wa wilaya kwa zaidi ya miaka kumi alifika katika kliniki ya shinikizo la damu. Alivaa koti na tai, na mkononi alishika bahasha ya kaki yenye majibu ya vipimo vyake vya zamani, yamepangwa kwa tarehe. Kipimo cha siku hiyo kilisoma 190 kwa 110. Alisema kichwa kinamuuma na usingizi humkimbia tangu saa tisa za usiku. Daktari kijana aliyempokea aliwahi kufanya kazi chini yake, akaona haya kumhoji kwa undani. Alimwongezea dawa ya pili, akamsindikiza hadi mlangoni.

Wiki tatu baadaye kipimo kilikuwa kile kile. Safari hii muuguzi aliyekuwa akimpima alimwamkia, kisha akamwuliza swali ambalo halimo katika fomu yoyote: "Mzee wangu, jana siku yako ilikwendaje tangu ulipoamka?" Mzee alinyamaza kwa muda. Aliamka, alikaa barazani, alingoja magazeti. Magazeti hayakuja, kwa sababu yaliyokuwa yakija yalikuwa ya ofisi. Na dawa je? Ndipo ilipobainika kwamba kwa miaka yote hiyo dawa zilichukuliwa na dereva, na katibu muhtasi ndiye aliyemkumbusha saa ya kumeza. Tangu gari lirudishwe ofisini, alikuwa akimeza siku anayokumbuka. Mtu aliyewafundisha wengine namna ya kumfuatilia mgonjwa wa shinikizo la damu hakuwa na wa kumfuatilia yeye.

Visa vya namna hii si vigeni kliniki, ila huonekana kwa nadra, kwa kuwa wahusika wanajua kujieleza vizuri na wahudumu wanawaheshimu kupita kiasi. Nchini Tanzania mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na anaweza kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55. Kwa maprofesa na madaktari bingwa ukomo umesogezwa hadi miaka 65. Kabla ya siku hiyo wengi huhudhuria semina ya maandalizi, ambayo huzungumzia kikokotoo, mkupuo na ufugaji wa kuku. Fedha ni jambo zito na hakuna anayebisha. Lakini ni nadra mtu kuulizwa katika semina hizo Jumatatu ya kwanza ataamka kufanya nini, na nani atamhitaji.

Kiongozi hupoteza zaidi ya mshahara. Kwa miaka mingi siku yake ilipangwa na watu wengine: kikao saa tatu, ukaguzi saa sita, majalada ya kusaini jioni. Simu yake haikunyamaza. Akistaafu, watu wanaendelea kumwita "mheshimiwa" au "bosi", ila hakuna jambo linalosubiri uamuzi wake. Wengine huhamishia uongozi nyumbani, wakaanza kukagua jiko na kudai taarifa ya matumizi ya mkaa. Mke aliyeendesha nyumba hiyo kwa miaka thelathini hapendezwi, na ugomvi unaozuka hupewa jina la "uzee".

Utafiti unaunga mkono wasiwasi huu, ingawa kwa tahadhari. Watafiti wa Chicago waliowafuatilia wazee zaidi ya 900 wasio na shida ya akili walieleza mwaka 2010 kwamba wale walioona maisha yao yana kusudi walipata ugonjwa wa Alzheimer kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Nchini Uingereza, ufuatiliaji wa muda mrefu wa watumishi wa serikali ulionyesha kuwa kumbukumbu ya maneno hushuka kwa kasi zaidi baada ya kustaafu. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba kusudi ni kinga, wala kwamba kustaafu ni sumu. Inawezekana pia kwamba ubongo ulioanza kuugua ndio unaomwondolea mtu hamu ya mambo.

Kwa sababu hiyo, mhudumu asikimbilie kumtafutia mstaafu shughuli kabla ya kumchunguza. Sonona kwa wazee mara nyingi haiji na machozi. Huja na maumivu ya mgongo, tumbo kujaa, kuamka usiku wa manane, kukosa hamu ya chakula na usahaulifu. Yafaa kupima sukari, damu na tezi ya shingo, kupitia dawa zote anazotumia, na kuuliza wazi kuhusu pombe. Yafaa pia kuuliza kama amewahi kuona heri asingekuwapo duniani. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo la kujiua. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Ni hapa heshima inapogeuka kuwa hatari, maana daktari kijana hawezi kumwuliza swali hilo mtu ambaye hata kuketi mbele yake anaona ni ujasiri.

Mzee huyo alikutwa na sonona. Alianza matibabu, na dawa za shinikizo zikawekwa katika kisanduku chenye vyumba vya siku saba.

Wanapozungumzia maisha baada ya madaraka, watu hutaja marais. Mwalimu Nyerere aliondoka Ikulu mwaka 1985, akaja kusuluhisha mgogoro wa Burundi hadi kifo chake mwaka 1999. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, imepeleka watumishi wa afya katika wilaya zisizofikika kwa urahisi. Mzee Mwinyi alizindua kitabu cha maisha yake mwaka 2021, alipotimiza miaka 96. Mifano hiyo ni mizuri, lakini rais mstaafu ana wasaidizi na msafara. Aliyekuwa mganga mkuu wa wilaya anahitaji mfano wenye kimo chake. Wa karibu zaidi uko Harare, ambako tangu mwaka 2006 kina bibi waliopewa mafunzo mafupi huketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo. Hawana cheo, wala hawatoi amri.

Jambo hilo la kutotoa amri ndilo lililomshinda mzee mwanzoni. Hospitali ilimwomba akutane kila Jumatano ya pili na waganga wafawidhi wawili wa zahanati, vijana waliokuwa wakihangaika na bajeti na uagizaji wa dawa. Jumatano ya tatu alimpigia simu mtunza stoo na kumwagiza apeleke dawa. Mganga mkuu wa sasa alikasirika, na ana haki. Mtu mmoja hawezi kuongoza wilaya huku mtangulizi wake akiiongoza kwa simu. Mpango ulikaribia kufa. Uliokolewa na mazungumzo ya saa nzima kati ya wawili hao, ambamo walikubaliana kwamba mstaafu atajibu anachoulizwa, hatasaini kitu, wala hatapiga simu stoo. Alikubali kwa shingo upande.

Kwa muuguzi mkuu mstaafu tatizo mara nyingi ni kinyume chake. Haachwi bila kazi: wajukuu wanaletwa, mgonjwa wa ukoo analetwa, na hakuna anayeuliza kama alitaka. Mama mmoja aliyeongoza wauguzi 200 alisema anachokosa ni saa moja tu ya kuitwa kwa jina lake badala ya "bibi". Kwake, matibabu yalianza kwa wanawe kupangiana zamu.

Baada ya miezi mitano kipimo cha mzee kilisoma 138 kwa 84. Kichwa kilikuwa kimepoa, ingawa bado huamka saa kumi. Alipopangiwa tarehe ya kurudi, alifungua daftari dogo, akalitazama, kisha akaomba kliniki yake ihamishwe kutoka Jumatano kwenda Alhamisi.