Ukoo wa Guise

Ukoo wa Guise (kwa Kifaransa: *Maison de Guise*) ulikuwa familia ya makabaila wa Ufaransa iliyopata nguvu kubwa katika karne ya 16. Ulikuwa tawi la watawala wa Lorraine, nchi iliyokuwa nje ya Ufaransa wakati ule, kwa hiyo maadui zao hawakuchoka kuwaita wageni.

Mwanzilishi wake ni Claude wa Lorraine (1496–1550). Alijeruhiwa vibaya katika mapigano ya Marignano mwaka 1515, na baadaye mfalme François I alimpa cheo cha duke wa Guise. Binti yake Marie aliolewa na James V wa Uskoti na kumzaa malkia Mary Stuart.

Mwana wa Claude, François, alilinda mji wa Metz dhidi ya Kaisari Karl V mwaka 1552, na Januari 1558 aliteka Calais, bandari iliyokuwa mikononi mwa Waingereza kwa miaka zaidi ya 200. Mwaka huohuo Mary Stuart aliolewa na mrithi wa Ufaransa. Kijana huyo alipokuwa mfalme François II mwaka 1559, akiwa na umri wa miaka 15, serikali iliendeshwa na wajomba wa malkia: Duke François akishika jeshi, na nduguye Charles, kardinali na askofu mkuu wa Reims, akishika fedha. Mfalme alifariki Desemba 1560 na nafasi hiyo ikapotea.

== Vita vya kidini ==

Tarehe 1 Machi 1562 watu wa Duke François waliwashambulia Waprotestanti waliokuwa wakisali ghalani huko Vassy, wakaua makumi. Duke alidai haikupangwa. Hata hivyo tukio hilo ndilo lililowasha vita vilivyoendelea kwa vipindi hadi 1598. Yeye mwenyewe aliuawa kwa risasi karibu na Orléans mwaka 1563.

Mwanawe Henri alimlaumu admirali Coligny, kiongozi wa Waprotestanti, kwa kifo cha baba yake. Usiku wa Mtakatifu Bartolomayo, Agosti 1572, alisimamia kuuawa kwa Coligny, na mauaji yakaenea Paris nzima. Baadaye aliongoza Ligi ya Kikatoliki akisaidiwa na fedha za Hispania. Mei 1588 wakazi wa Paris waliweka vizuizi barabarani kwa ajili yake, na mfalme Henri III akalazimika kukimbia mji wake mkuu.

Mfalme alilipiza kisasi. Tarehe 23 Desemba 1588 alimwita Henri chumbani kwake katika ngome ya Blois. Duke alikuwa ameonywa, lakini hakuamini kwamba mfalme angethubutu. Walinzi walimchoma visu hadi kufa. Kesho yake nduguye, Kardinali Louis, aliuawa pia. Miezi saba baadaye mtawa Jacques Clément alimuua mfalme.

Ndugu aliyebaki, Charles wa Mayenne, aliendeleza Ligi kabla ya kupatana na Henri IV. Duke wa mwisho alikufa akiwa mtoto mwaka 1675. Shangazi wa baba yake, Marie, aliyemtunza mtunzi wa muziki Marc-Antoine Charpentier katika jumba lake la Paris, alifariki mwaka 1688 bila mtoto.

[[Jamii:Historia ya Ufaransa]]