Modeli za ndege Ngara na Biharamulo: ushuru unajulikana, bei haijulikani

Modeli za ndege za kuunga kwa mkono hazina duka lake maalumu Ngara wala Biharamulo. Huja kwa oda, moja moja, zikiwa zimechanganywa na midoli, madaftari na betri za redio katika mzigo wa Kariakoo au Mwanza. Wanaoziulizia wapo: walimu, madereva wa malori wanaopita Nyakanazi kwenda Rusumo, vijana wenye kipato cha machimboni, na wazazi wanaotafuta zawadi ya mtoto aliyefaulu. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia mapema wachague ipi, na itawagharimu kiasi gani mpaka iwafikie mkononi.

Ukiuliza upande wa serikali, jibu ni fupi. Ofisa mmoja wa forodha, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa, anasema bidhaa hizi ziko kwenye asilimia 25 ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa maelezo yake hakuna siri hapo, na mteja anayeona bei imepanda kupita kiasi akamuulize muuzaji.

Viwango hivyo ni vya kweli, lakini haviishii pale ofisa alipoishia. Asilimia 18 haitozwi kwenye bei ya awali. Inatozwa juu ya thamani ambayo tayari imeongezwa ushuru. Chukua modeli ambayo, pamoja na usafiri hadi bandarini, ina thamani ya Sh100,000. Ushuru ni Sh25,000, jumla inafika Sh125,000. Kodi ya ongezeko la thamani ni Sh22,500, na jumla inakuwa Sh147,500. Hapo bado hujalipa tozo nyingine za forodha, wakala, basi la kuja Ngara wala faida ya mwenye duka.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kaunta. Katika mpangilio wa forodha unaotumika duniani, modeli za kuunga zimo kwenye kifungu 9503, kifungu kimoja na midoli, mafumbo ya kupanga vipande na baiskeli za watoto za magurudumu matatu. Kijana wa kidato cha pili anayejifunza jinsi bawa linavyoshikana na kiwiliwili cha ndege anatozwa sawa na anayenunua mdoli wa kulaza kitandani. Si kosa la ofisa wa mpakani, lakini ndilo chimbuko la nusu ya malalamiko.

Sanduku linalolipiwa upepo

Nusu nyingine inatoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kabanga, mama anayeuza vifaa vya shule na midoli, ambaye naye hakutaka jina lake litajwe. Anasema kilio chake si ushuru. Kilio chake ni sanduku.

Mizigo ya ndege kutoka China haipimwi kwa uzito peke yake. Mzigo mwepesi wenye umbo kubwa hupigiwa hesabu ya ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ukigawanya kwa 6,000, unapata kilo utakazolipia. Sanduku la sentimita 40 kwa 30 kwa 7, kipimo cha kawaida kabisa kwa modeli, huhesabiwa kilo 1.4 hata kama plastiki iliyomo haifiki nusu kilo. Kwa maneno yake, analipia upepo.

Anaeleza kwamba aliwahi kumwomba wakala wake avue masanduku ili kupunguza gharama. Mzigo ulipofika, vipande vilikuwa vimetiwa kwenye mifuko ya nailoni. Modeli moja ilikuwa na bawa lililovunjika, nyingine haikuwa na karatasi ya maelekezo, na stika za modeli ya tatu zilikuwa zimelowa na kujikunja. Mteja aliyekuwa ameweka malipo ya awali alizikataa, akarudishiwa fedha zake. Wakala alijibu kuwa yeye alitimiza alichoagizwa. Hasara ikabaki dukani, na tangu hapo mama huyo haagizi modeli bila mteja kulipa nusu ya bei.

Akaulizwa kwa nini asisubiri kontena la meli. Anasema kwa meli ujazo ni nafuu zaidi, lakini mteja wa Desemba hasubiri hadi Machi, na mtaji wake haukai miezi mitatu majini huku watoto wakidai ada.

Malalamiko yake ya pili ni kuhusu mpaka. Kabanga imepakana na Burundi, na Rusumo iko mlangoni mwa Rwanda. Wafanyabiashara wadogo wamehimizwa kwa miaka mingi kutumia utaratibu rahisi wa Jumuiya, ambapo mzigo usiozidi dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha. Anasema kwenye semina utaratibu huo hutangazwa kana kwamba unamfungulia kila mtu njia. Kumbe unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Modeli iliyotengenezwa China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Kigali. Ofisa wa forodha analikubali hilo, ila anasisitiza kuwa elimu imetolewa vya kutosha. Mama wa Kabanga anasema elimu hiyo aliipata siku mzigo wake ulipozuiwa.

Ndege ipi kwa mfuko upi

Kwa mnunuzi wa Kagera, jeti mbili zinajitokeza kuliko nyingine.

Ya kwanza ni MiG-21. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 viliwafanya wazee wengi wa mkoa huu waijue kwa sauti kabla ya kuijua kwa picha, kwani Tanzania na Uganda zote zilikuwa nayo. Ni miongoni mwa ndege za kivita zilizotengenezewa modeli nyingi zaidi duniani, kwa hiyo hupatikana katika bei tofauti. Bawa lake halisi, ncha hadi ncha, ni mita 7.15. Kwa kipimo cha 1/72 linakuwa kama sentimita 10, na kwa 1/48 kama sentimita 15. Sanduku lake ni dogo, na kwa hesabu ya ujazo iliyoelezwa hapo juu, udogo huo ni fedha.

Ya pili ni Dreamliner, Boeing 787-8, ambayo ya kwanza ya shirika la ndege la taifa ilitua nchini Julai 2018. Watoto wengi huitaja hiyo kwanza. Ina urefu wa mita 56.7, kwa hiyo hata kwa kipimo kidogo cha 1/144 inakaribia sentimita 40, na mabawa yake yanazidi sentimita 41. Inapendeza mezani, lakini sanduku lake linalipiwa. Anayetaka ndege ya abiria yenye nafuu aangalie Airbus A220-300, iliyoingia nchini Desemba mwaka huohuo: kwa kipimo hichohicho haifiki sentimita 27.

Tahadhari ni stika. Modeli nyingi za ndege za abiria huja na rangi za mashirika ya Ulaya, Asia au Marekani. Anayetaka twiga wa shirika la taifa mkiani ajue kuwa huenda akalazimika kuagiza stika peke yake, au achore mwenyewe.

Gundi na rangi nazo zina gharama zake. Rangi na gundi zenye viyeyushi vinavyoshika moto hazipokelewi kirahisi kwenye mizigo ya ndege, kwa hiyo modeli nyingi hufika bila hivyo. Wanunuzi hukimbilia supaglu ya dukani. Inashika, ila mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo cha rubani. Rangi ya kupuliza ya magari nayo inaweza kuitafuna plastiki. Afadhali rangi ya maji, brashi nyembamba, na msasa laini kabla ya kupaka. Kwa mtoto anayeanza zipo modeli za kubana bila gundi. Mwenye mtoto chini ya miaka mitatu nyumbani aziweke mbali, maana vipande vyake vinamezeka.

Matarajio yenye masharti

Wapo wanaosema soko litakua. Hoja moja ni mtalaa mpya: mkondo wa amali ulioanza 2024 katika baadhi ya sekondari unataka wanafunzi wafanye kazi kwa mikono. Hoja nyingine ni nikeli ya Kabanga, inayotarajiwa kuleta waajiriwa wenye mishahara ya uhakika. Zote zinaeleweka, ila hazijaonekana kwenye daftari la oda. Mama wa Kabanga anasema hajawahi kupokea barua ya shule hata moja inayoagiza modeli. Na nikeli imekuwa ikitafitiwa tangu miaka ya 1970. Aliyefungua duka kwa kuitegemea amesubiri muda mrefu.

Kinachoweza kubadili bei haraka zaidi ni wanunuzi kuungana. Oda kumi za walimu wa Ngara na Biharamulo katika mzigo mmoja wa meli, zikiagizwa miezi minne kabla ya Krismasi, zingepunguza gharama ya sanduku kuliko punguzo lolote la ushuru. Lakini hilo linahitaji mtu wa kushika fedha za watu kumi na kuaminiwa, na thamani ya shilingi dhidi ya dola ikae ilipo kwa miezi hiyo minne. Hakuna anayeweza kuahidi yote mawili.

Kwa hiyo anayenunua mara ya kwanza achukue MiG-21 ya 1/72. Aulize bei ya kuipokea Ngara au Biharamulo, si bei ya Kariakoo. Asilipe salio kabla ya kuona picha ya sanduku likiwa limefungwa na karatasi ya maelekezo ikiwa ndani. Na wanaopanga viwango vya ushuru waulizwe swali moja mpaka walijibu: kwa nini chombo cha kumfundisha kijana ufundi kinatozwa kama mdoli?