Kisu kutoka katika tupa ya zamani

Watoto, mnajua tupa: ni kile chuma chenye meno madogo ambacho baba anakitumia kunolea jembe na panga. Meno yake yakiisha, watu wengi wanaitupa. Mhunzi haitupi. Anajua ya kuwa mnaweza kutoka kisu kizuri ndani yake.

Kwa nini tupa, na si msumari mkubwa? Kwa sababu chuma si cha namna moja. Msumari ni chuma laini. Ukiupasha moto hata uwe mwekundu na kuuzamisha majini, utatoka laini vilevile. Tupa ni chuma cha pua, yaani chuma chenye kaboni ndani yake. Kaboni ndiyo iliyo nyingi katika makaa ya kupikia. Katika kilo 100 za tupa, kaboni ni karibu kilo 1 tu. Ni kidogo sana, lakini ndiyo inayofanya makali yakae.

Wahunzi wa nchi yetu walijua kazi ya chuma tangu zamani. Mwaka 1957 wataalamu walianza kuchimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika Katanga. Wakakuta vyungu, na vitu vya shaba na vya chuma, vya watu walioishi karibu miaka elfu moja iliyopita. Wale hawakuwa na tupa za kuokota! Walitoa chuma katika mawe kwa moto wa makaa. Kazi yetu ni nyepesi kuliko yao.

Lakini mtoto asiifanye peke yake. Aende kwa mhunzi, au afanye pamoja na baba au mjomba.

Kwanza tunailainisha tupa, maana ni ngumu kiasi cha kuwa tupa nyingine haiwezi kuikata. Iwekeni katika makaa, vukuta mivuo mpaka iwe nyekundu yote, kisha ifukieni katika majivu makavu usiku mzima. Ipoe polepole. Asubuhi tupa mpya itaikata. Sasa choreni umbo la kisu kwa chokaa, mkate na kukwangua. Kazi hii ni ya siku mbili au tatu, na mikono itauma. Makali msiyamalize bado. Yaacheni yawe na unene wa milimita 1 hivi. Yakiwa membamba mno, moto utayapinda au kuyapasua.

Sasa inakuja saa ya hatari. Kisu kinawekwa tena motoni, mpaka kifanane na tunda la ngazi lililoiva, jekundu lenye kuelekea manjano. Fanyeni kivulini, kwa sababu jua linaficha rangi. Mwenye sumaku aijaribu: chuma chenye moto wa digrii 770 hakivutwi tena na sumaku. Basi, mara moja kisu kinaingizwa katika mafuta ya mawese yenye joto kidogo, kikiwa wima, bila kulazwa upande. Mafuta yanaweza kuwaka. Kwa hiyo chombo kiwe cha chuma, kifuniko kiwe karibu, na watoto wasimame mbali. Maji hayafai hapa, kwa sababu yanapoza kwa ghafula mno, na mara nyingi pua ya tupa inapasuka.

Pitisheni tupa juu ya makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, mmefaulu. Lakini msifurahi upesi. Kisu hiki sasa ni kigumu kama chupa, na kikianguka juu ya jiwe kitavunjika kama chupa. Ni lazima kupunguza ugumu wake. Kisugueni kwa mchanga mpaka king'ae, kisha wekeni mgongo wake juu ya chuma kinene chenye moto, makali yakielekea juu. Tazameni bila kugeuza macho! Rangi zitatembea kutoka mgongoni: manjano, kahawia, zambarau, buluu. Manjano ya majani makavu yakifika kwenye makali, kitieni majini upesi. Mkichelewa mpaka buluu, makali yatakuwa laini, na kazi ya moto inaanza tena toka mwanzo.

Kwa mpini chagueni mti mgumu na mkavu, kama ule unaoitwa mulombwa. Toboeni shimo, mpashe moto mkia wa kisu na kuusukuma ndani mpaka ukae. Wakati huo makali yafungwe kwa kitambaa chenye maji, yasiharibiwe na moto.

Mwishoni noeni juu ya jiwe lenye maji, upande huu na upande ule. Na mama akishakata limau nacho, akifute na kukipaka mawese kidogo, kwa maana pua hii inaota kutu kwa usiku mmoja.