Karpu wa China: Wingi wa tani si wingi wa soko

KATIKA orodha ya samaki wa kufugwa duniani, anayeongoza kwa uzito si salmoni wala sato. Ni karpu mla majani, samaki wa mito ya Asia Mashariki, kuanzia mto Amur hadi kusini mwa China.

Kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), mwaka 2020 zilivunwa tani zipatazo milioni 5.8 za karpu huyo wa kufugwa, sehemu kubwa kabisa nchini China. Sato alikuwa na tani milioni 4.4.

Hata hivyo, karpu huyo ni haba katika biashara ya nje. Mlaji wa China humtaka akiwa hai, hivyo muuzaji humweka kwenye tangi la maji. Akifa, bei hushuka. Pia nyama yake ina miiba midogo mingi, jambo linalofanya minofu yake iwe vigumu kuandaliwa viwandani. Na kwa kuwa ni kitoweo cha mwananchi wa kawaida, bei yake haistahimili gharama kubwa za barafu na usafiri. Ndiyo maana samaki wa China anayefika masoko ya Kenya ni sato aliyegandishwa, ambaye asili yake ni Afrika.

Kwa mfugaji, faida ya karpu ilitokana na chakula rahisi. Hula majani, na kinyesi chake hurutubisha maji na kukuza vijimea vinavyoliwa na karpu wa aina nyingine katika bwawa lilelile. Siku hizi wengi hutumia chakula cha viwandani ili akue haraka, hivyo bei ya soya ikipanda, faida hupungua. Isitoshe, ugonjwa wa virusi unaosababisha kuvuja damu huweza kuua vifaranga wengi kwa mkupuo.

Wafugaji wa Zhongshan, jimbo la Guangdong, walipata njia ya kuongeza thamani. Huwalisha karpu maharage mapana kabla ya kuwauza. Nyama huwa ngumu kiasi, haivunjiki ikipikwa, na huuzwa ghali kuliko ya karpu wa kawaida.

Mwenye mtaji mdogo anayevutiwa na ufugaji wa samaki, wa aina yoyote, asianze na hesabu ya tani. Ajue kwanza nani atanunua, samaki akiwa katika hali gani, na umbali gani kutoka bwawani.